Uzi: Kuwakutanisha watafiti wa vyuo na watu wa viwandani kwenye kongamano la usimamizi wa uhandisi, nini hasa kinafanya kazi?

#1 mratibu_mikutano

Heshima kwenu wakuu.

Karibu kila kongamano la usimamizi wa uhandisi hutangaza kwamba linaunganisha vyuo na viwanda. Fungua ratiba yake uone. Siku ya kwanza mkurugenzi wa kampuni kubwa anatoa hotuba ya ufunguzi na kuondoka kabla ya mapumziko ya chai. Baada yake ni makala juu ya makala, dakika 15 za kuwasilisha na 5 za maswali, na wanaosikiliza ni watafiti watupu. Jopo la watu wa viwandani limesogezwa alasiri ya mwisho, watu wengi wameshaanza kuondoka. Pande mbili zimelala hoteli moja siku tatu na hazijafanya kazi pamoja hata saa moja.

Msimamo wangu ni kwamba kinachowaunganisha watu hawa ni tatizo lililoandikwa na kuandaliwa mapema, ambalo upande mmoja unalo na upande wa pili una uwezo wa kulishughulikia. Hotuba hazifanyi kazi hiyo, na hafla ya jioni haiifanyi.

Mfano wa zamani upo. Mwaka 1968 pale Oxford, wanahisabati Leslie Fox na Alan Tayler walianzisha vikundi vya kazi na viwanda. Kampuni inaeleza tatizo lake mwanzoni mwa wiki, wanahisabati wanajigawa na kulifanyia kazi, mwisho wa wiki wanaripoti walipofika. Utaratibu huo ulisambaa nchi nyingi na bado unatumika. Sisi hatuna wiki nzima, na matatizo yetu ni ya namna nyingine: miradi inayochelewa, vipuri vinavyolala stoo, wahandisi walewale kugawanywa kwenye miradi sita, uamuzi wa kukarabati mtambo au kununua mwingine. Hayamalizwi kwa kikao kimoja. Lakini dakika 90 zinatosha kujua tatizo ni la aina gani, data gani inakosekana, na nani ataendelea nalo.

Kazi yote inaanzia kwenye karatasi ya tatizo. Ukurasa mmoja, usizidi, wenye mambo haya:

- Uamuzi unaosubiriwa ni upi, nani ataufanya, na mwisho ni lini.
- Hali ya sasa kwa namba (saa, asilimia, idadi), pamoja na kipindi zilipopimwa.
- Kilichokwisha kujaribiwa na kwa nini hakikutosha.
- Mipaka isiyogusika: usalama, mikataba iliyopo, mfumo wa kompyuta usiobadilika.
- Data iliyopo, iko katika umbo gani, na nani ana mamlaka ya kuitoa.
- Jibu la namna gani lingewafaa hata kama si kamili.

Kikao chenyewe: chumba kimoja, tatizo moja, watu wasiozidi 24 kwenye meza nne za watu sita, watatu wa chuo na watatu wa viwandani kila meza. Dakika 10 mwenye tatizo anaeleza. Dakika 10 za maswali ya kuelewa tu. Mwendesha kikao anakata suluhisho lolote linaloanza kuchomoza hapo. Dakika 40 meza zinafanya kazi. Dakika 20 za ripoti, tano kwa kila meza. Dakika 10 za mwisho ni za kuandika ahadi: nani, nini, tarehe gani.

Kalenda: miezi 9 kabla unaanza kutafuta matatizo, miezi 6 kabla unachuja, miezi 2 kabla unawakutanisha mwenye tatizo na viongozi wa meza kwa simu ya dakika 45, wiki 3 kabla data inawafikia. Ukitangaza wito wa matatizo miezi mitatu kabla, utaletewa mabaki.

Karibuni mchangie, hasa kwenye haki za uvumbuzi na data. Huko ndiko mipango mingi inakwama.

#2 Karakana_7

Umegusa penyewe mkuu. Niongeze kwenye karatasi ya tatizo, kwa sababu upande wetu wa viwandani ndio tunaoiharibu.

Makampuni huandika "kuboresha ufanisi wa matengenezo". Hilo ni tamanio. Mtafiti akilisoma atakuletea alichonacho tayari, kisha mtalaumiana kwamba wasomi hawasikilizi. Andika hivi: "Tuna pampu 40 za aina moja. Tunabadilisha beringi kila baada ya saa 6,000, lakini bado nyingine zinakufa kabla ya muda huo. Bajeti ya mwaka kesho inafungwa baada ya miezi minne. Tuamue kama tufupishe muda, tuurefushe, au tuache kabisa kubadilisha kwa saa na tuanze kupima mtetemo." (Namba ni za mfano.) Hapo mtafiti anajua aulize nini.

La pili ni nani anakuja. Kampuni ikimtuma afisa uhusiano, kikao kimekufa. Wanatakiwa wawili: mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tutatoa data hii" bila kupiga simu makao makuu, na mmoja anayeugusa mtambo au anayeitunza ratiba ya mradi kila siku. Wa kwanza peke yake hajui kwa nini kumbukumbu za zamu ya usiku zina mapengo. Wa pili peke yake hana ruhusa ya kuahidi chochote. Nafasi ikiwa moja, mchukueni wa pili, na wa kwanza aandike barua ya ruhusa mapema inayotaja data kwa majina.

Swali la kuchuja: muulizeni mleta tatizo, "Mkipata jibu msilolipenda, nini kitabadilika?" Akikosa cha kusema, tatizo hilo lisipewe chumba.

#3 MhakikiMakala

Nakubaliana na karatasi ya tatizo, ila mleta uzi umeruka jambo zito. Mtafiti hupata ruhusa na nauli ya kwenda kongamanoni kwa sababu ana makala iliyokubaliwa. Ondoa makala, ondoa na watafiti. Wanaobaki ni maprofesa wachache wenye fedha zao za utafiti, na vijana wenye muda wa kufanya kazi yenyewe hawaji.

Kwa hiyo makala zibaki, lakini kuwe na milango miwili. Mlango wa kwanza ni makala ya utafiti kama kawaida. Wa pili ni taarifa ya utendaji ya kurasa 2 hadi 4 inayoandikwa na mtu wa viwandani: hali ilivyokuwa, kilichobadilishwa, kipimo kabla na baada kwa kutumia kipimo kilekile, kilichokwama, na mazingira ambamo njia hiyo isingefaa. Hizo mbili za mwisho ziwe za lazima. Bila hizo unapokea tangazo la biashara lililovaa suti ya ripoti.

Kosa linalorudiwa ni kupeleka taarifa za namna hii kwa wahakiki walewale na fomu ileile. Fomu inauliza "mchango kwa nadharia", mhandisi anapata alama 2 kati ya 10, anakataliwa, harudi tena. Fomu ya mlango wa pili iulize mambo manne: je, tatizo ni la kweli na limeelezwa kwa namba, je, kipimo cha kabla na baada kinalingana, je, mwingine anaweza kurudia hatua hizo, je, amesema kilichoshindikana. Wahakiki wawili, mmoja kutoka kila upande, wakitofautiana sana mwenyekiti wa mkondo anaamua. Wahakiki wa viwandani wapewe taarifa mbili au tatu tu kila mmoja. Ukimpa nane hatajibu hata barua pepe.

Msisahau ruhusa ya kampuni. Taarifa lazima ipite kwa idara ya sheria na ya mawasiliano, na wao hawaendi kwa kasi ya kongamano. Tarehe ya mwisho ya ikisiri (muhtasari wa makala) iwe moja kwa wote, lakini mlango wa pili upewe wiki 6 zaidi kuleta maandishi kamili.

Na kwa anayeuliza makala za namna hiyo ziende wapi baadaye: IEEE Engineering Management Review linaelekezwa zaidi kwa watendaji, tofauti na IEEE Transactions on Engineering Management lililoanza 1954 na linalodai utafiti kamili. Engineering Management Journal la jumuiya ya ASEM ya Marekani huangalia pande zote mbili. Kongamano likikubaliana mapema na wahariri, kikao cha matatizo kinaweza kuzaa makala za pamoja, na hapo mtafiti ana sababu ya kukaa mezani.

#4 mratibu_mikutano

Mkuu MhakikiMakala, hoja nimeipokea, milango miwili ni sahihi. Ninachopinga ni kuruhusu makala zimalize saa zote. Makala ya utafiti inaweza kuwasilishwa kwa dakika 6 na bango la saa moja, mwandishi asipoteze sifa yake kwenye kumbukumbu za kongamano. Muda unaookolewa ndio unaopata vikao vya matatizo. Ukisubiri ratiba ipate nafasi yenyewe, haitapata.

#5 mwanasheria_teknolojia

Nimeona haki za uvumbuzi zimetajwa. Nianze na mtego unaowanasa wengi: tarehe ya hatari huja kabla ya siku ya kongamano. Makongamano mengi huweka ikisiri au makala mtandaoni wiki kadhaa kabla. Kikishasomeka hadharani, kimetangazwa.

Chini ya Mkataba wa Ulaya wa Hataza (patent, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi), uvumbuzi uliokwisha kuwekwa hadharani kwa njia yoyote kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi si mpya tena, na misamaha iliyopo ni finyu sana. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipoutangaza mwenyewe, lakini huo si muhula wa dunia nzima. Ukiutegemea huo unaweza kubaki na Marekani ukaikosa Ulaya. Njia salama ni kuwasilisha ombi kwanza. Baada ya hapo Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kupeleka maombi nchi nyingine wanachama huku ukibaki na tarehe yako ya kwanza. Bango, slaidi, hata mazungumzo kwenye korido na mtu asiyefungwa na sharti la siri, yote yanahesabika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo kwenye fomu ya kuleta ikisiri weka swali moja la lazima: "Je, kazi hii ina kitu kinachoweza kuombewa hataza, na ombi limewasilishwa?" Anayejibu "ndiyo, bado" apigiwe simu kabla ikisiri yake haijaonekana popote.

Kazi zetu nyingi ni mbinu za kusimamia, si vifaa, na hataza haizigusi sana. Lakini kampuni ina siri za biashara, na siri huendelea kuwa siri kwa sababu tu hatua za kuitunza zimechukuliwa. Ikisemwa kwenye kikao cha wazi, imekwisha.

#6 mtafiti_kijana

Asante mwanasheria. Je, vikao vya matatizo vikiendeshwa kwa Kanuni ya Chatham House haitoshi? Makongamano mengi wanaitumia.

#7 mwanasheria_teknolojia

Haitoshi mkuu, na ni vizuri umeuliza. Kanuni ile ya taasisi ya Chatham House ya London, ya tangu 1927, inaficha *nani amesema* na anatoka wapi. Habari yenyewe inaruhusu kila aliyekuwepo aitumie. Yaani inafanya karibu kinyume cha anachotaka mwenye siri. Inafaa meneja anapotaka kueleza kwa nini mradi ulichelewa bila kunukuliwa. Haifai kabisa mtu anapoonyesha mchoro au gharama halisi.

Na kusainisha watu mkataba wa siri mlangoni dakika tano kabla ya kikao ni mchezo wa hatari. Mhadhiri kwa kawaida hana mamlaka ya kukifunga chuo chake kwa saini yake. Ofisi ya utafiti ya chuo ndiyo inayosaini. Kampuni nayo ina muundo wake wa mkataba na haitaki wa mwingine. Karatasi inasainiwa, baadaye inagundulika haimfungi yeyote.

Gawanyeni vikao ngazi tatu, na kila kimoja kionekane kwenye ratiba ni cha ngazi gani:

Wazi: yeyote anaweza kunukuu, kupiga picha, kuandika. Humu huletwa tatizo lililofutwa utambulisho.

Bila kutaja majina: Kanuni ya Chatham House, simu mfukoni, hakuna slaidi zinazobaki. Ni ngazi ya makosa na mafunzo.

Kwa mkataba: watu wasiozidi 8, mkataba umesainiwa na taasisi (si watu binafsi) angalau wiki 2 kabla, na majina ya wanaoingia yameambatanishwa.

Vikao vingi vibaki ngazi ya kwanza. Ukiona kila kampuni inadai ya tatu, jueni karatasi zao za tatizo hazijaandikwa vizuri, kwa sababu maswali mengi ya usimamizi huulizika bila kufichua siri.

Jambo moja zaidi ambalo waandaaji hawalifikirii: wakikaa washindani wawili meza moja, sheria za ushindani ziko nao hapo mezani. Bei, uwezo wa uzalishaji uliopangwa, mgawanyo wa wateja na zabuni zijazo hazizungumzwi. Mwendesha kikao asome sentensi hiyo mwanzoni, na mazungumzo yakielekea huko ayakatishe na aandike kwamba ameyakatisha. Bora zaidi, washindani wasikae meza moja.

#8 TakwimuKwanza

Naomba nikae kwenye data, maana "tutawaletea data iliyofutwa utambulisho" ni sentensi iliyoharibu kazi nyingi. Ukificha vibaya, unafuta na jibu lenyewe.

Chukueni mfano wa beringi wa Karakana_7. Kampuni kwa hofu inatoa wastani wa kila mwezi: "Januari, beringi 3 ziliharibika." Imekwisha. Swali lilikuwa je, zinakufa kwa uchakavu au kwa bahati mbaya, na hilo linajibiwa kwa umri wa kila beringi ilipoharibika. Ukiwa na umri unaweza kulinganisha na mgawanyo wa Weibull (fomula ya takwimu inayoeleza vifaa huishi muda gani) na kuangalia namba yake moja, kipimo cha umbo. Kikizidi 1, uwezekano wa kuharibika unapanda na umri, kwa hiyo kubadilisha mapema kunaweza kusaidia. Kikiwa 1 au chini, kubadilisha kwa ratiba ni kupoteza beringi nzima na saa za mafundi. Tafuteni chanzo kingine, pengine ufungaji mbaya au grisi isiyofaa. Wastani wa mwezi haukuonyeshi chochote katika haya.

Kosa kubwa zaidi ni kuleta zilizoharibika tu. Zile zilizotolewa zikiwa nzima kwenye saa 6,000, na zile zinazozunguka hadi leo, ni taarifa pia: tunajua zimeishi *angalau* muda huo. Ukiziacha, makadirio ya umri yanashuka kuliko ukweli, na kampuni inaanza kubadilisha beringi mapema zaidi bila sababu. Kwa hiyo jedwali liwe na safu nne tu: namba ya kificho ya kifaa, saa kilipoanza, saa kilipoishia, na sababu ya kuishia (kimeharibika, kimetolewa kizima, bado kinafanya kazi).

Kuficha kwa njia isiyoharibu: zidisha muda wote kwa namba moja ya siri, mathalani 1.37. Kipimo cha umbo hakibadiliki kabisa. Kinachopanda ni kipimo cha ukubwa (namba ya pili ya mgawanyo huo, inayobeba urefu wa muda), nacho kampuni inakigawanya tena yenyewe baadaye. Gharama nazo zizidishwe kwa namba yake ya siri, lakini gharama ya kuharibika ghafla na gharama ya kubadilisha kwa mpango zizidishwe kwa namba *ileile*. Umri bora wa kubadilisha unategemea uwiano wa hizo mbili. Ukitumia namba mbili tofauti unapata ushauri wa uongo wenye sura ya hesabu nzuri.

Kama kinachotafutwa ni tofauti za zamu au siku za wiki, usizidishe muda. Sogeza tarehe zote kwa idadi ileile ya siku, na idadi hiyo igawanyike kwa 7, ili Jumapili ibaki Jumapili.

Kwa data za miradi, mtego ni ratiba ya msingi. Mradi ukichelewa, ratiba hurekebishwa na kuidhinishwa upya, na kwenye mfumo unaonekana uko sawa na wakati. Dai ratiba ya kwanza iliyoidhinishwa na kila marekebisho yenye tarehe yake. Bila hiyo utafiti wa ucheleweshaji utahitimisha kwamba hakuna ucheleweshaji.

Majina ya waendesha mitambo yatoke kabisa. Kuyabadili kuwa namba hakutoshi: chini ya sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, mtu anayeweza kutambuliwa tena kwa kutumia ufunguo uliohifadhiwa bado analindwa. Na ikiwa kifaa cha aina hiyo kiko kimoja au viwili tu katika sekta nzima, kificho chochote kitatambulika. Tumia tatizo lingine.

#9 Karakana_7

Bandiko #8 lichapishwe na kubandikwa kwenye karakana. Swali: nani anaifanya kazi hiyo ya kuficha? Vijana wetu wa matengenezo hawana muda, na mtu wa kompyuta hajui kipi ni muhimu.

#10 TakwimuKwanza

Mtafiti au mwanafunzi wa uzamili anaandika maelekezo na jedwali tupu lenye safu hizo nne, pamoja na mistari mitano ya mfano. Mtu wa kampuni anajaza mistari 20 tu ya kwanza na kuituma, tayari imezidishwa. Hiyo 20 ni ya kupima umbo la data: vipimo vinavyochanganyika saa na siku, vifaa vyenye tarehe ya kuishia kabla ya kuanza, namba moja iliyotumika kwa vifaa viwili. Baada ya hapo jedwali lote linajazwa mara moja. Ukidai yote kwa mkupuo wa kwanza utasubiri, na ukiipata utaikataa.

#11 MhakikiMakala

Turudi kwenye ratiba. Wapo wanaopendekeza "siku ya viwanda" ili watu wa makampuni waje siku moja tu. Kwa kampuni ndogo ni ukombozi, haiwezi kumwachia mhandisi wake siku tatu. Lakini nina shaka: siku hiyo ikitengwa, watafiti huichukua kuwa mapumziko, na mnakuwa mmeandaa makongamano mawili ukumbi mmoja.

#12 mratibu_mikutano

Shaka yako ni ya haki. Dawa ni kuipanga siku ya pili na kutoweka mkondo wowote sambamba na vikao vya matatizo asubuhi ile. Hakuna makala, hakuna mkutano wa kamati, hakuna mkutano mkuu wa jumuiya. Siku ya kwanza haifai kwa sababu watafiti wengine bado wako safarini. Alasiri ya mwisho haifai kwa sababu niliyotaja mwanzo, watu wanaanza kuondoka. Alasiri ya siku ya kwanza viongozi wa meza wakutane nusu saa, waelewane. Tiketi ya siku moja iuzwe, na anayeleta tatizo lililokubaliwa asilipe chochote, kwa sababu yeye amekuletea malighafi ya kongamano.

Wadhamini: udhamini ununue nembo, meza ya maonyesho, na shukrani. Usinunue dakika kwenye ratiba. Mara tu nafasi ya kuzungumza inapouzwa, kila kampuni inayolipa italeta mtu wa mauzo, na inayoleta mhandisi wake bure itajiona imepunjwa. Mdhamini akitaka jukwaa, alete karatasi ya tatizo ichujwe kama nyingine.

#13 mtafiti_kijana

Na sisi upande wa vyuo tulete nini? Wengi tuna kielelezo cha hesabu (modeli) kilichojaribiwa kwa data za kubuni, na kwenye bango tunaandika "kinaweza kutumika viwandani".

#14 Karakana_7

Hiyo sentensi ifute mkuu. Mtu wa viwandani akiiona anapita.

Kwa vifaa na programu kuna ngazi tisa za ukomavu wa teknolojia zilizotoka NASA: ya 1 ni kanuni ya msingi imeonekana, ya 9 ni mfumo umethibitika kwenye kazi halisi. Andika ngazi yako kwa uaminifu. Kazi ya ngazi ya 3 haiaibishi, inatafuta mwenza wa aina nyingine tu: kampuni yenye kitengo cha utafiti na uvumilivu wa miaka, si meneja wa uzalishaji mwenye lengo la robo mwaka.

Ila mbinu za usimamizi haziingii vizuri kwenye ngazi hizo. Kwa hizo jibu maswali matatu kwenye bango: imejaribiwa kwenye maeneo mangapi ya kazi, nani aliiendesha, mtafiti au wafanyakazi wenyewe, na inahitaji saa ngapi za watu kila wiki kuiweka hai. Hilo la tatu ndilo linaloua mbinu nyingi. Kielelezo kinachodai mpangaji aingize makadirio 200 kila Jumatatu kitaachwa mara mtafiti akiondoka, hata kiwe sahihi kiasi gani.

Chini ya bango weka mstari mmoja mkubwa: "Ninahitaji kutoka kiwandani:" kisha kitu kimoja mahususi. Kwa mfano, "kumbukumbu za mabadiliko ya michoro kwa mradi mmoja uliokamilika". Watu hujibu ombi dogo linaloeleweka.

#15 mwanasheria_teknolojia

Kabla hamjafika kwenye ufuatiliaji: ushirikiano mwingi hufia kwenye majadiliano ya mkataba baada ya kongamano. Msianze na karatasi tupu. Uingereza ilichapisha mikataba ya mfano ya Lambert mwaka 2005, yenye matoleo kuanzia chuo kumiliki matokeo na kampuni kupewa leseni, hadi kampuni kumiliki. Hata kama hamko huko, inawasaidia kujua mnabishania chaguo lipi.

Vifungu viwili viamuliwe mapema. Uchapishaji: kampuni ipewe siku 30 kusoma makala kabla haijatoka, na iweze kuomba nyongeza yenye kikomo, mathalani siku 60, kwa ajili ya kuwasilisha ombi la hataza. Ukimya baada ya siku 30 uhesabiwe ni ridhaa. Na tasnifu: mkataba wowote usizuie mwanafunzi kufanyiwa mtihani. Watahini wanaweza kusaini sharti la siri, na nakala ya maktaba inaweza kufungwa kwa muda.

#16 mratibu_mikutano

Ufuatiliaji basi. Kadi za mawasiliano zilizobadilishwana hazipimi kitu. Pimeni hivi: ndani ya saa 48 kila kikao kiwe na ukurasa mmoja wa kumbukumbu uliotumwa kwa waliokuwepo. Siku ya 14, kila tatizo liwe na jina moja upande wa chuo na jina moja upande wa kampuni. Lisilo na majina hayo linafungwa na kutangazwa limefungwa. Siku ya 90, je, data imefika, mkataba umesainiwa, au mwanafunzi ameanza? Mwezi wa 12 kuna swali moja tu kwa kampuni: uamuzi ule ulioandikwa kwenye mstari wa kwanza wa karatasi ulifanywaje, na kikao kilibadilisha nini?

Mfuatiliaji awe mtu mwenye jina na malipo, aliyewekwa kwenye bajeti kabla ukumbi haujalipiwa. Kamati huvunjika wiki moja baada ya kongamano, kwa hiyo kazi ya siku ya 90 ikiachiwa kamati haina mwenyewe.

#17 mtafiti_kijana

Swali la mwisho wakuu. Kongamano letu ni dogo, watu 60 hivi, siku mbili, na makampuni tuliyonayo ni manne. Tuanzie wapi?

#18 mratibu_mikutano

Msifanye vikao vinne, kimoja kwa kila kampuni. Chagueni matatizo mawili tu, yote ya ngazi ya wazi, asubuhi ya siku ya pili (kwenu ndiyo ya mwisho, lakini asubuhi watu bado wapo), vyumba viwili kwa wakati mmoja. Kampuni mbili zilizobaki zialikwe kukaa mezani kama washiriki, zione namna inavyokwenda. Angalieni tu zisiwekwe meza moja na mshindani wao. Watu 24 kila chumba ni 48. 12 wanaobaki wawe waandishi wa kumbukumbu, wawili kwa kila chumba, na wengine wazunguke mabango.

Kwa sasa waandikieni makampuni yote manne barua fupi yenye karatasi ya tatizo tupu, na muombe simu ya nusu saa na yule anayeugusa mtambo. Katika simu hiyo mjaze karatasi nyinyi wenyewe huku akieleza, kisha mumrudishie asahihishe. Mkimtumia fomu ajaze peke yake, mtarudishiwa "kuboresha ufanisi".